Nesi, Mboga na Usingizi wa Mume Wangu

Sijamsamehe. Anayesubiri nifike mwisho wa haya maneno niseme nimemsamehe anaweza kwenda zake sasa hivi, asipoteze wakati. Ninamkumbuka vizuri kwa sababu hasira haisahau. Mtu uliyempenda unaweza kusahau hata sauti yake, lakini aliyekuumiza unakumbuka mpaka alivyokuwa anashika kikombe.

Alikuwa anakishika kwa mikono miwili kama mtu anayesikia baridi, hata jua likiwa linachoma. Jina lake ninalo na sitalitaja. Plot nzima, vyumba vyote vya kupanga vya ua wetu, ilimwita Nesi. Alifanya kazi ya unesi kwenye wodi za hospitali kubwa mpaka akastaafu, halafu akaja kukodi mlango wa tatu kwenye plot yetu, Soweto West, na sijui ni nini kilimleta mtu mwenye pensheni kwetu. Alikozaliwa sikuuliza. Mimi ninauza mboga za kienyeji mbele ya hiyo plot: managu, saga, terere, kunde, mrenda, na sukuma kwa wale ambao hawataki kufikiria. Wananiita Mama Nekesa. Kwa miaka saba Nesi alikuwa mteja wangu wa kwanza asubuhi, na kwa hiyo miaka saba sikumbuki siku moja aliyonunua bila kunigombeza.

Kusalimia hakujua. Vijana wakipita wanamwambia, "Niaje Nesi," yeye anajibu, "Ulilala saa ngapi?" Na hafanyi mzaha. Anasimama anangoja jibu. Kijana anajikuna kichwa, anasema saa nane, alikuwa kwa simu. Nesi anamvuta kope chini na kidole, anatazama ndani ya jicho kama daktari wa ng'ombe, halafu anamwambia, "Unajiua polepole, na hata hulipwi." Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya asubuhi kwetu.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa wa kisu. Nairobi hii mteja hanunui sukuma, ananunua sukuma iliyokatwa. Ametoka kazini, amechoka, anataka afike aweke sufuria. Kwa hivyo mimi nilikuwa ninakata mapema, tangu saa nane mchana, ninajaza karai, ninafunika na gunia lililoloweshwa. Nesi alikuja akafunua lile gunia mbele ya wateja wangu.

"Hii ulikata saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Basi unauza maiti."

Nilitaka kumpiga na karai. Wateja wawili waliondoka, mmoja akicheka. Kesho yake alirudi na avokado, hakuomba msamaha, akaikata vipande viwili juu ya meza yangu. Nusu moja akaikamulia ndimu, nyingine akaiacha, akaenda zake. Jioni, ile nusu iliyoachwa ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na ile ya ndimu bado ilikuwa ya kijani. Akaja akasimama hapo na mikono kiunoni.

"Umeona? Hiyo ni kutu. Kile kitu kinakula mabati yako ndicho kinakula hii avokado, na ndicho kinakula mtu. Hewa tunayoishi nayo ndiyo inatuchoma. Mungu akaweka ya kuizuia kwa mboga yenye rangi, kwa tunda, kwa ndimu. Wewe unaikata inamwagika, unaianika inakufa, halafu mteja anaenda kuichemsha na magadi mpaka maji yawe meusi, anamwaga yale maji. Anakula nyasi."

Hapo kwa magadi aligusa mama yangu. Sisi watu wa Magharibi mrenda bila magadi ni kamasi tu. Nikamwambia mama yangu alipika na magadi maisha yake yote na aliishi miaka mingi kuliko atakayoishi yeye.

"Mama yako alilala giza likiingia," akasema. "Ndiyo sababu."

Na hapo ndipo alipokuwa tofauti na wote wanaohubiri mboga siku hizi kwa redio. Kwake mboga ilikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa giza. Alisema mwili una saa yake ndani, na hiyo saa ndiyo inapanga kutu itengenezwe lini na ifutwe lini. Mchana unakula, unahangaika, kutu inajilimbikiza kidogo kidogo. Usiku, kukiwa giza, mwili unatoa dawa yake wenyewe ya kulaza mtu, na dawa hiyo hiyo inasaidia kufuta kutu. Lakini ukiwasha taa, ukikaa kwa simu, ukila sahani ya ugali saa saba usiku, unakuwa kama nyumba ambayo mtu wa kufagia amekuja akakuta wageni bado wamekaa. Anarudi na ufagio wake. Kesho anakuta hivyo hivyo.

"Saa ya Kiswahili ndiyo saa ya mwili," alipenda kusema. "Inaanza kuhesabu jua likitoka. Ya Mzungu inaanza watu wakiwa ndani ya blanketi." Alitaka tutoke nje asubuhi tukae kwa jua kabla ya chai, tule kingi mchana na kidogo jioni. Lakini ukisema mbele yake kwamba mboga inatibu, anakufukuza. Inasaidia, anasema, na kusaidia si kutibu, na ukiwa na dawa ya daktari kunywa dawa yako.

Neno la kutu likatembea. Watu wakaanza kuja mpaka kutoka upande ule wa Sarang'ombe wanaulizia mboga ya kutoa kutu. Mmoja alitaka kujua kama inapakwa kwa mlango. Biashara ilipanda, sikatai. Na mpaka leo ninakata mboga mteja akiwa amesimama mbele yangu. Hiyo ni haki ya Nesi na ninampa, basi.

Sasa yeye mwenyewe. Aliyetugombeza wote tulale, hakulala. Ukuta wa mabati hauna siri. Nilikuwa ninamsikia anatembea, anapanga sufuria, anapika strungi, chai kavu isiyo na maziwa, ya kukoza hadi meno yanafanya kutu kwa kuitazama, na wakati huo hata mbwa wamenyamaza. Nilimuuliza siku moja, kwa ukali, maana nilikuwa nimechoka kufundishwa na mtu ambaye hafanyi anachofundisha.

"Mimi nilifanya zamu ya usiku tangu nikiwa msichana," akasema. "Saa yangu ilivunjika kitambo. Kwani unafikiri haya nimeyatoa kwa kitabu?"

Na hafukeki, zile keki ndogo ngumu za dukani. Alizipenda kama mtoto. Alikuwa anazinunua kwa duka la mbali ili asionekane, anazilia nyuma ya mlango. Nilimkuta siku moja na makombo kwenye kidevu, akaniangalia macho makavu. "Uza mboga, Mama Nekesa. Usinichunguze."

Alizalisha wasichana wawili hapo kwa plot bila kuomba hata kipande cha sabuni. Aliosha kidonda cha mzee mmoja asiye na mtu kila siku, wiki nyingi, mpaka kikafunga. Na huyo huyo angemwambia mwanamke mnene mbele ya watu kwamba anabeba gunia la watu wengine. Ukimpikia alikula akinung'unika. Ukimnyima aliuliza kwa nini umemnyima. Hivyo ndivyo alivyokuwa, na plot ilimzoea kama inavyozoea mtaro.

Kuna siku alikuja mwanamume wa koti jeupe, na begi, na kile kimashine unashika mkononi halafu kinakwambia unaumwa nini. Alikuwa amesikia habari ya kutu akaja na vidonge vyake. Akasimama kando ya kibanda changu akawaambia wateja wangu kidonge kimoja ni sawa na gunia zima la mboga, kwa hivyo mnajisumbua kwa nini. Nesi alitoka ndani na kikombe chake, akachukua ile chupa, akaitikisa karibu na sikio.

"Hii iko na mboga?"

"Iko, mama. Imekolezwa."

"Iko na jua la asubuhi?"

Yule mtu akatabasamu kidogo.

"Iko na usiku mmoja wa kulala? Angalia vizuri hapo kwa karatasi. Usiku mmoja tu."

Watu wakaanza kucheka. Nesi akaweka kikombe chini, akamvua lile koti, haki ya Mungu, mkono wa kwanza na wa pili, akalikunja vizuri, akamrudishia. Akamwambia koti kama hilo alilivaa mpaka likachanika, na siku moja hakuwahi kulitumia kudanganyia mtu. Nilicheka nikakalia managu yangu. Siku hiyo nilimpenda, na ndiyo sababu yaliyofuata yananiuma hivi.

Mume wangu, Baba Nekesa, alikuwa soja. Alilinda geti la matajiri ng'ambo ya Ngong Road, zamu ya usiku, saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, miaka kumi na moja. Anarudi kwa miguu asubuhi, ninampa mlima wa ugali na mboga iliyolala. Kwetu managu haiivi siku ya kwanza. Unaipika leo, inalala, kesho unaipasha na maziwa, ndipo uchungu unatoka. Anashiba, anajitupa kitandani chini ya mabati, jua linapanda, mashine ya posho ya jirani inanguruma. Anapata masaa matatu. Anaamka macho mekundu, anaenda mjengo kubeba mawe mpaka saa kumi, anarudi kuvaa uniform. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake, na aliyeipanga hivyo si Mungu.

Nesi alimwona asubuhi moja anaingia plot akashika ukuta. Akamkalisha kwa kreti yangu, akamfunga mkono akampima presha, akamdunga kidole na kimashine chake kidogo cha sukari. Akasoma namba, akamdunga kidole cha pili, akasoma tena.

"Sukari," akasema baadaye. "Na presha iko nayo."

Alimpeleka kliniki mwenyewe. Baba Nekesa akapewa vidonge, akaanza kumeza. Lakini Nesi hakutulia. Akamtengenezea ratiba kama ya wodi: chakula kizuri kabla ya kwenda kazi, mboga mbichi-mbichi, rangi tatu kwa sahani, usiku tunda na njugu tu, asubuhi uji kidogo na moja kwa moja kitandani, kofia usoni akitembea asubuhi ili lile jua lisimwamshe, kitambaa cheusi kwa dirisha, mjengo aache. Alienda kwa mwenye mashine ya posho kumwomba awe anaanza kusaga saa sita. Yule mtu akamuuliza kama atamlipia kodi ya nyumba. Nesi alimtukana matusi ya kihospitali, yale yenye majina ya viungo, na siku hiyo mashine haikuwaka.

Sukari ilishuka kidogo, ikapanda tena. Mjengo hakuacha, angeacha vipi? Nesi alikuja kwa kibanda akasimama bila kununua.

"Nikupe ukweli? Unaweza kumpa managu yote ya soko. Huyu mtu mwili wake haujui ni saa ngapi. Ni kufua nguo na kuianika kwa matope. Lazima atolewe kwa zamu ya usiku."

Kwani sisi tulikuwa wajinga? Baba Nekesa aliomba zamu ya mchana zamani, supavaisa akamwambia mchana ni wa wale wanaojua kuongea na wageni. Na kule kwao soja mgonjwa ni soja aliyefutwa, tuliona wengine. Kwa hivyo alinyamaza. Alimeza vidonge vyake chooni. Alimwambia Nesi, mimi nikiwa nimekaa hapo, "Nesi, hii maneno isitoke kwa hii plot. Nekesa yuko chuo, nikikosa kazi amerudi nyumbani." Nesi akaitikia kwa kichwa. Niliona kwa macho yangu akiitikia.

Jumatatu moja alivaa ile nguo yake ya kanisa akaenda mpaka ofisi ya kampuni na barua. Hakutuambia. Aliandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko ule wa manesi wa zamani unaosomeka. Hiyo barua walimrudishia Baba Nekesa pamoja na viatu vyake, kwa hivyo ninaijua kwa moyo. Ilisema: "Ninamfahamu huyu askari wenu. Ni mtu mwaminifu. Analala vibaya. Mwili wake unahitaji kulala usiku. Akiendelea hivi ataanguka kwa geti. Tafadhali mpeni zamu ya mchana." Na chini jina lake lote na sahihi.

Kulala. Hebu litazame hilo neno. Kwa nesi kulala ni dawa, na hata mgonjwa akipewa kitanda wanasema amelazwa. Kwangu mimi mboga ikilala ndiyo inakuwa tamu. Lakini kwa kampuni ya masoja kulala ni wizi. Ni kosa la kwanza unalosomewa siku ya kupewa rungu, kabla hata ya kuiba. Mtu wa miaka yote hiyo ya hekima, mtu wa kuvua matapeli koti, hakujua kwamba huwezi kuandika "analala" kwenye barua ya kwenda kwa supavaisa wa masoja. Supavaisa alisoma kwamba soja wake analala, na tena vibaya, na kwamba yuko shahidi, na shahidi ameweka sahihi.

Akamwita Baba Nekesa mbele ya wenzake. "Umeandikiwa barua kwamba unahitaji kulala usiku. Basi nenda ukalale." Akavuliwa koti la mvua na rungu pale pale.

Alijaribu kueleza. Alisema ni ugonjwa, si kulala kazini. Wakamwambia kama ni ugonjwa ni vibaya zaidi, kwa nini aliuficha. Miaka kumi na moja mume wangu hakufumba jicho hata dakika moja kwa lile geti. Mvua, baridi ya mwezi wa saba, mbwa wa matajiri, hakulala. Akafutwa kwa kulala. Na imepita miaka miwili.

Nilienda mlango wa tatu. Nilichosema sitakirudia chote, watu wa plot wanakikumbuka. Nilimwambia ni mchawi wa mchana. Nilimwambia amezoea wagonjwa wasioweza kumkataza, akafikiri kila mtu amelazwa wodini mwake. Yeye alikuwa amesimama tu.

"Niliandika ukweli," akasema.

"Ukweli wako unapikwa? Nitawapa watoto ukweli?"

"Afadhali mume asiye na kazi kuliko kaburi lenye uniform."

"Ulimwahidi!"

Akageuka akarudi ndani. Wala hakusema samahani. Lingekuwa neno moja tu. Mwezi huo huo alihama akaenda Kawangware, kule Riruta Satellite. Mkokoteni ulikuja ukabeba kitanda chake na masufuria, na mimi nilikuwa nyuma ya kunde zangu ninapanga kunde ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Hakuniaga.

Nekesa alirudi nyumbani kama tulivyojua atarudi. Alikaa muhula mzima akiuza mboga na mimi, haongei, na alipopata njia ya kurudi chuo wenzake walikuwa wamemwacha nyuma. Tuliacha nyumba ya vyumba viwili tukaingia kwa kimoja. Wiki za kwanza Baba Nekesa hakuweza kulala gizani. Aliamka akasimama mlangoni, mikono nyuma, akatulinda sisi wenyewe. Halafu polepole akaanza kulala. Akapata kibarua cha kupiga msasa kwa mafundi wa fanicha wa Ngong Road, kazi ya mchana, malipo ya kusikitisha. Anakula mchana, anakula kidogo jioni, saa tatu anakoroma. Sukari ikashuka, ikakaa chini. Kliniki wakampunguzia kidonge. Akaanza hata kunitania, kitu ambacho nilikuwa nimesahau kwamba anajua.

Watu wa kanisa wakasema Mungu ametenda kupitia kwa Nesi. Mimi niliinuka kwa benchi nikatoka. Nikishukuru, nitakuwa nimesema mtu ana haki ya kuchukua siri ya ugonjwa wako na kuipeleka ofisini kwa sababu yeye anajua zaidi. Na kingine, ule usiku haukuisha. Ulipewa mtu mwingine, anasimama pale sasa hivi, na mke wake sijui anauza nini. Hao matajiri wanalala vizuri, giza lao ni safi, matunda yako kwa friji. Wanalindwa wasipate kutu, na anayewalinda ndiye anayeoza. Hilo Nesi alilijua na alilisema, lakini barua alimwandikia mtu mdogo kama sisi, supavaisa, naye akafanya kile watu wadogo hufanya wakiogopa.

Mwezi uliopita mteja mmoja aliniambia amemwona Nesi Satellite. Baba Nekesa akasema, "Nenda umshukuru." Nikasema nitaenda, lakini si kwa hiyo. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, hata kama mmegombana, unabeba angalau majani ya chai. Mimi nilienda mitupu makusudi, ili aone.

Ni ghorofa ya tatu, juu ya maduka. Chini kwa geti kulikuwa na mama mmoja wa makamo na funguo nyingi, ndiye mwenye hiyo nyumba, akanielekeza. Nesi alifungua mlango saa tano mchana uso umevimba wa mtu aliyeamshwa. Tulitazamana. Hakusema karibu, nikaingia.

"Sukari yake ni ngapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

Nikamwambia namba. Akafumba macho, akaitikia na kichwa polepole kama mtu aliyelambishwa asali, na hiyo ilinikasirisha kuliko vile ningekuta amenuna.

"Nimekuja uniambie samahani," nikasema. "Miaka miwili ninangoja."

Akafikiria. "Ningeandika tena," akasema. "Maneno ningebadilisha. Lile neno nililiwaza baadaye, nikaona nilivyokosea. Lakini ningeandika."

Basi nikamwangalia. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vidole vimezama. Kupumua alikuwa anapumua juu juu. Mlango wa chumba kingine ulikuwa wazi kidogo, na ndani kulikuwa na kikongwe amelala ubavu, mdogo kama mtoto.

"Huyo ni nani?"

"Ni mama ya mwenye nyumba. Ninakaa naye usiku. Anageuzwa kila baada ya masaa mawili, la sivyo anatoka vidonda."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

"Na presha yako?"

Akavuta leso akafunika miguu.

"Ulipima lini, Nesi?"

"Sipimi. Najua itasema nini."

Nilicheka, cheko baya. Nikamwambia, na nilitaka imchome: "Na wewe sasa nani atakuandikia barua?"

Aliinuka kwa hiyo miguu akaenda mpaka mlangoni, akachungulia nje, akaufunga. Ile sauti iliyokuwa ikigombeza Soweto West nzima ikawa ndogo, sikuijua.

"Usithubutu," akasema. "Mama Nekesa, tafadhali. Mwenye nyumba akisikia mimi ni mgonjwa hataniacha na mamake hata siku moja. Sina pengine. Hapa ninalala, hapa ninakula. Tafadhali."

Nilikuwa nimesubiri miaka miwili nimwone anaogopa. Niliona, na haikunifaa kitu. Nilitoka bila kuaga.

Chini mwenye nyumba alikuwa bado yuko kwa geti. Akanishika mkono, mtu mpole kabisa.

"Wewe ni mtu wake?"

"Tulikaa plot moja."

"Niambie ukweli, mama. Naona miguu yake. Yeye akiulizwa anasema yuko sawa. Ni mgonjwa? Kama ni usiku unamwumiza niambie tu, tupange, nitafute mwingine wa usiku yeye akae mchana."

Nilimtazama huyo mama usoni. Nilitafuta kama anamaanisha. Labda alimaanisha. Labda angempa mchana, na Nesi angelala, na ile miguu ingeshuka. Labda pia angesema asante kwa kuniambia, na kesho mkokoteni ungekuja. Uso wake ulikuwa mzuri, na uso mzuri nimewahi kuuona kwa watu wengi.

"Hana kitu," nikasema. "Miguu ya manesi wote iko hivyo. Ni kusimama."

"Una hakika?"

"Ninamjua miaka saba. Hajawahi kuugua."

Akashukuru, akaniambia nimempa amani. Nilitembea mpaka stendi na jua la mchana usoni, nimekasirika, na safari hii sikujua ninamkasirikia nani. Nilikuwa nimefanya kile nilichotaka yeye atufanyie sisi. Nilikuwa nimetunza siri ya mtu. Sijui kama nilimlinda ama nilimlipizia, na Baba Nekesa akiniuliza nilimwambia nini Nesi, ninamwambia tulisalimiana tu. Jioni hii Nesi anaingia tena kazini. Akianguka, mimi nilijua.